Damu Iliyofuata Soko

Mke wangu anauza mboga za majani sokoni, na kwa miaka yote ya ndoa yetu mimi ndiye nimekuwa jalala lake. Nasema hivyo bila kinyongo. Nyumbani kwetu sheria ilikuwa moja tu: kisichouzwa kinaliwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mboga zilizokosa mnunuzi zilijitembeza mpaka kwenye sufuria yangu. Soko likiwa zito, mvua imenyesha au watu mifuko imetoboka, tulikula mchicha, tukala majani ya maboga, tukala kabichi, kesho yake tukaanza upya na mchicha. Soko likichangamka meza ilibaki nyeupe, na jioni tulikula maharage au mayai, hata jani la dawa hulioni. Nilikuwa najua hali ya biashara kwa harufu tu, kabla sijavua viatu mlangoni.

Mimi ni fundi viatu. Chumba changu cha kazi kiko ng'ambo ya soko, kidogo kiasi kwamba mteja akiingia na mguu mmoja, wa pili unabaki nje. Nikiinua kichwa naiona meza ya mke wangu, na nikikiinamisha bado namsikia. Sauti yake haihitaji kipaza. Wanamwita Mama Fungu, kwa kuwa hakuna anayepanga mafungu kama yeye, mashina chini, majani juu, yamesimama kama wanafunzi siku ya kwanza ya shule. Ile meza mke wangu aliipata wakati mtoto wetu wa kwanza yuko bado mgongoni. Watoto wamesoma kwa mchicha ule, wameoa na kuolewa kwa mchicha ule. Visigino vyangu vilinunua chumvi na kiberiti.

Basi mguu wangu wa kushoto ukavimba. Mwanzoni nilidhani ni ule uchovu wa kukaa kitako kutwa nzima, nikaupaka mafuta, nikaukanda, nikautukana. Haukusikia. Hospitali daktari akaniambia damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, na donge lile likikatika likasafiri hadi kwenye mapafu, habari yangu imekwisha. Alisema hivyohivyo, bila kuzunguka. Nikapewa vidonge vya kuzuia damu isigande, na nikakabidhiwa kwa nesi mmoja wa kliniki ya damu, mama mfupi mwenye miwani aliyependa kuitundika kichwani halafu akaitafuta mezani.

"Mzee," aliniambia siku ya kwanza, "kila ukija nitakupima. Kipimo kikiwa chini, damu inaganda upesi, hiyo hatari. Kikiwa juu, damu haitaki kusimama, ukijikata tu inamwagika, hiyo nayo hatari. Tunataka katikati. Na mboga za majani zina kitu kinachosaidia damu kuganda, zinapingana na kidonge. Kwa hiyo usibadilishebadilishe ulaji wako. Tumeelewana?"

"Ulaji wangu haujabadilika tangu niliponyolewa ndevu siku ya harusi," nikamjibu. Mke wangu, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba wake magotini, akatikisa kichwa kuthibitisha. Wala hatukudanganya. Ndivyo tulivyoamini.

Kliniki ya kwanza kipimo kikawa chini. Nesi akaongeza dawa. Kliniki ya pili kikapanda juu mno. Akapunguza. Ya tatu kikarudi chini kama ndoo iliyokatika kamba. Nesi akaishusha miwani kutoka kichwani, akanikazia macho.

"Mzee, niambie ukweli wa Mungu. Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Kila siku?"

"Kila siku, saa ileile, na maji ya kunywa, na mke wangu amesimama mbele yangu kama askari jela." Hasira zilikuwa zimenipanda. "Mimi watu wananiamini na miguu yao, nesi. Sijawahi kumshonea mtu soli nusu."

"Soli sijauliza," akasema. "Nimeuliza vidonge."

Akaongeza dawa tena. Nikarudi nyumbani nimenuna, na nyumbani nikamkuta dada yangu mkubwa, kiti chake tayari kiko katikati ya sebule. Ukoo mzima tunamwita Jaji. Dada yangu hasikilizi kesi, yeye anaanza na hukumu. Amenilea, amenichapa, amenitafutia mke, na kwa hayo matatu anajiona ana hatimiliki ya mwili wangu. Alikuwa amekuja na chupa kubwa ya maji ya vitunguu saumu na tangawizi, kiasi kwamba nyumba nzima ilinuka kabla sijafunga mlango.

Mke wangu akamweleza yote, vipimo kupanda, vipimo kushuka, na yale maneno ya nesi kwamba majani yanapingana na kidonge. Alieleza vizuri, maana ana kumbukumbu. Jaji akaruka kutoka kwenye kiti.

"Yanapingana! Wifi, umesikia mwenyewe kwa masikio yako, na bado unamrundikia mwenzio mchicha kama mbuzi? Majani ndiyo yanayomuua. Ndani ya nyumba hii jani lisiingie tena. Na hii chupa anywe asubuhi na jioni, itasafisha mishipa."

Nilitegemea mke wangu amjibu. Mawifi hawa wawili wamerushiana vijembe miaka yote na sijawahi kuona mmoja akikosa neno. Safari hii aliinuka, akachukua kapu la mboga zilizobaki siku ile, akaenda kumpa jirani. Kapu likarudi tupu, na yeye akarudi hana hata utani mdomoni.

Asubuhi nikavaa, nikanywa chai, nikamsubiri tutoke pamoja kama kawaida. Hakuvaa.

"Siendi," akasema. "Nikiuza nitabakiza, na nikibakiza utakula."

"Basi sitakula. Nitakataa."

"Wewe? Wewe ukatae chakula?"

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kuikunjakunja aproni yake ya kazini, yenye mfuko mbele.

"Muuza vitunguu amekuwa akiitaka ile meza siku zote," akasema. "Nitamwachia. Juzi aliponiuliza tena nilimwambia mwisho wa mwezi nitampa jibu la mwisho, lakini jibu ninalo. Mume wangu, nilidhani nakulisha. Kumbe nakuzika."

Kupoteza mguu ningeweza kuzoea, mafundi viatu wenye mguu mmoja wapo, na kazi yetu tunafanya tumekaa. Lakini kumwona mwanamke yule ameketi mchana kweupe hana pa kupeleka sauti yake, na sababu ni mimi, hilo liliniuma kuliko sindano zote za kliniki. Nikasema tutaona. Sikujua tutaona nini.

Likaja sasa suala la kuishi na Mama Fungu asiye na mafungu. Siku mbili za mwanzo alifua kila kitu chenye uzi. Akafua mapazia, akafua kofia yangu ambayo haijawahi kuona maji, ikatoka inamtosha mtoto. Nyumba ilipokwisha akahamia kwenye chumba changu cha kazi, "kukusaidia," akasema. Nikaenda kununua gundi, na niliporudi nikakuta amevipanga viatu vyote vya wateja kwa mafungu, vikubwa nyuma, vidogo mbele, rangi kwa rangi, visigino chini, vidole juu. Vilipendeza mno. Ila kila kiatu kilikuwa kimeachana na pacha wake. Mwalimu mmoja wa sekondari aliondoka kwangu na viatu viwili vya kushoto, na alipogundua alikuwa tayari mbele ya darasa.

"Wewe si kila siku unawaambia wateja huangalii upande, unaangalia soli?" mke wangu akanijibu nilipomfokea. Alicheka, mara ya kwanza tangu aache meza. Halafu macho yake yakavuka barabara, yakaenda kule ambako muuza vitunguu alikuwa ameshaanza kusogeza magunia yake, gunia moja leo, gunia jingine kesho, kwa adabu, kama mtu anayevuta shuka la mwenzake aliyelala. Kicheko kikaisha.

Chakula nacho kilikuwa kimebadilika. Wali na maharage, mkate na mayai, viazi, nyama kidogo, na asubuhi na jioni ile chupa ya Jaji iliyonifanya wateja wazungumze nami wakiwa mlangoni. Jani hata moja halikuingia. Nilimeza vidonge vile vilivyoongezwa, nikajisifu moyoni kwamba sasa kipimo lazima kikae sawa, nesi aniombe radhi, na mke wangu angalau ajue kwamba hakuacha meza yake bure.

Kisha asubuhi moja nikapiga mswaki na sinki likawa jekundu. Nikasukutua, likawa jekundu tena. Nikamwita mke wangu kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yangu. Alipokuja aliona na mkono, maana juu ya kiwiko palikuwa na alama nyeusi ya damu iliyovilia, pana kama sahani ya chai, na sikukumbuka hata nilijigonga wapi. Hakuna aliyetania siku hiyo. Tulikwenda kliniki bila kusubiri tarehe yetu, na Jaji, aliyepigiwa simu, tulimkuta getini ametutangulia na chupa mpya mkononi.

Nesi alinitoboa kidole, akasoma kipimo, akakisoma tena. Akaenda kumwita daktari. Daktari akaja, akanikagua mdomo, mikono na macho, akauliza maswali ya choo ambayo sitayarudia hapa, akaagiza nisimamishe vidonge kwanza na nirudi kupimwa kesho kutwa. Alipotoka nesi akafunga mlango, akavuta kiti, akakaa mbele yetu watatu.

"Kipimo kimepanda kuliko siku zote," akasema. "Mzee, hebu tuanze upya. Nini kimebadilika?"

Jaji akajibu kabla sijafungua mdomo. "Tumetimiza agizo lako, binti yangu. Majani yote tumeondoa. Hata harufu ya mchicha haipo ndani ya nyumba ile."

"Nani aliwaambia muondoe?"

"Si wewe? Ulisema yanapingana na dawa."

"Nilisema asibadilishe ulaji," nesi akasema polepole, kama mtu anayejizuia. "Nikasema majani yanapingana na dawa, ndiyo. Sasa dawa iliyozoea mpinzani, mkimwondoa mpinzani ghafla, itafanya nini? Itashinda kupita kiasi. Ndiyo hii damu kwenye meno. Na hiyo chupa ina nini?"

Jaji akaificha nyuma ya mkoba. "Vitunguu saumu tu, na tangawizi."

"Nayo imwage. Kwa wingi huo inaweza kuzidisha kutoka damu. Mzee, hata dawa za maumivu usinunue dukani kabla hujaniuliza." Akanigeukia. "Lakini bado sielewi jambo moja. Hili la kuondoa majani ni la juzi tu. Vipimo vyako vimekuwa vikiruka tangu mwanzo. Kabla ya hapo ulikuwa unakula mboga kiasi gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Biashara," nikasema.

Nesi akaitoa miwani kichwani, akaivaa. "Biashara na kula kwako vinahusiana nini?"

Nikamweleza, maana swali lilikuwa jepesi. Nikamwambia sheria ya nyumba yetu. Soko likiwa baya, nakula majani mpaka ndoto zangu zinakuwa za kijani. Soko likiwa zuri, sioni jani. Nikamwambia ile kliniki ya kwanza, mvua zilikuwa zimenyesha mfululizo, watu hawatoki, tulikula mboga mchana na jioni. Ya pili ilikuwa shule zimefunguliwa, wenye mabweni walikuja kununua kwa magunia, hatukubakiza kitu. Na ya tatu…

Sikumaliza. Mke wangu alikuwa ameshika mkono wangu, ule mzima.

"Ya tatu barabara ya soko ilifungwa wanaichimba," akasema yeye. "Hakuna mteja aliyepita. Tulikula kila kitu."

Nesi akatutazama, mmoja, kisha mwingine. Alianza kutetemeka mabega, nikadhani ana homa, kumbe anacheka. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kona ya koti lake jeupe.

"Mzee wangu, nisamehe," akasema. "Mimi nakushuku humezi dawa, nakupandishia, nakushushia, kumbe damu yako inafuata soko! Siku mauzo yakishuka na kipimo kinashuka. Mauzo yakipanda na kipimo kinapanda. Nimefanya kazi hii muda mrefu, hiyo sijawahi kukutana nayo."

"Kwa hiyo majani ndiyo yanayomuua au siyo?" Jaji akauliza. Alitaka hukumu.

"Siyo. Kinachomsumbua ni leo mlima, kesho tambarare. Mimi kidonge nakipima kulingana na chakula chake, kama fundi anavyokata soli kulingana na kiatu. Sasa mguu unabadilika kila wiki, soli itamtoshaje? Ale mboga. Ni chakula kizuri. Lakini ale kiasi kilekile kila siku, bakuli lilelile, soko liwe zuri, soko liwe baya."

Mke wangu alikuwa bado ameshika mkono wangu, na nilihisi vidole vyake vinabana.

"Kwa hiyo nesi," akasema, na sauti yake, ile sauti ya kuvuka barabara, ilitoka ndogo kama ya mtoto, "naweza kuuza?"

"Uuze nini, mama?"

"Mboga. Niliacha. Nilidhani nampa sumu."

Nesi akaacha kucheka. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. "Mama, huyu mumeo umemlisha miaka yote hiyo na amekuja kwangu na moyo mzuri, na presha nzuri, na sukari nzuri. Damu ya mguu imeganda kwa sababu anakaa kwenye kistuli kutwa nzima hainuki. Nenda kauze. Na yeye mwambie ainuke."

Mke wangu akalia palepale, bila kujificha, na Jaji, ambaye sijawahi kumsikia akifuta hukumu, akatoa leso yake, akampa. "Haya, wifi," akasema, "nyamaza. Nilikuwa nakutania." Hakuwa akitania hata kidogo, lakini kwa dada yangu huo ndio msamaha, na aliyeupata auweke vizuri maana hautarudiwa.

Tulipotoka mke wangu hakusubiri usafiri. Alishika njia kwa miguu, sisi wawili nyuma tunahema, mpaka sokoni. Muuza vitunguu alikuwa amefikisha gunia la mwisho juu ya meza.

"Ndugu yangu," mke wangu akamwambia, "jibu langu la mwisho ni hili." Akalikumbatia gunia, akaliteremsha mwenyewe. Muuza vitunguu alimtazama, akanitazama mimi, akaona damu kwenye kona ya mdomo wangu, akadhani sijui nini, akateremsha mengine haraka sana.

Haikuwa rahisi kama ninavyoisimulia. Vidonge vilirudishwa kidogokidogo, kidole kilitobolewa mpaka kikawa na ngozi ngumu, na kipimo kilichukua muda kutulia. Mazoea yalitusumbua zaidi. Jioni ya kwanza soko lilikuwa baya, mke wangu akaja na kapu limejaa, akapika bakuli langu moja kama tulivyoagizwa, kisha akasimama jikoni akiyatazama majani yaliyobaki kwa uchungu wa mtu anayetupa mtoto. Tukawapa majirani. Wiki iliyofuata soko likachangamka, akauza mpaka shina la mwisho, akafika nyumbani anaimba, akafunua sufuria ili apike, ndipo akakumbuka kwamba bakuli langu amemuuzia mwenye hoteli. Ilibidi aende kununua mchicha kwa mshindani wake. Alirudi amekasirika mno. "Umechoka ule mchicha wake," akasema, "na kaupanga kama kuni."

Tangu siku hiyo akabadilisha utaratibu, na hakuniambia. Niliuona mwenyewe. Asubuhi moja nilikuwa nimeinuka kwenye kistuli, maana sasa nainuka, natembea mpaka ng'ambo na kurudi, nesi ameamuru. Nilipofika karibu na meza yake nikamkuta mteja mmoja, mama mwenye haraka, ananyooshea kidole fungu moja lililowekwa pembeni, juu ya kitambaa safi. Lilikuwa fungu zuri kupita yote, majani mapana, yana umande bado.

"Nipe hilo," mteja akasema.

"Hilo lina mwenyewe."

"Nitakuongezea."

"Hata ukiongeza."

"Mama Fungu, tangu lini wewe unakataa kuuza? Huyo mwenyewe ni nani, mkubwa gani wa serikali?"

Mke wangu alikuwa akinyunyizia maji mafungu mengine, hakuinua hata kichwa, na hakujua kwamba niko nyuma ya nguzo.

"Mume wangu," akasema. "Miaka yote nimempa yaliyokataliwa na watu, na hajawahi kulalamika. Sasa namchagulia yeye kwanza, halafu ndio nyinyi."

Nilirudi kwenye chumba changu kwa njia ya kuzunguka ili asinione. Mteja aliyekuwa akinisubiri mlangoni aliniuliza kama mguu unauma tena, maana macho yangu yalikuwa mekundu. Nikamwambia ni gundi.